Neno Nililomfasiria Mama Yako

Kangemi, mchana wa kabla ya safari yako

Mwanangu Nafula,

Umeshuka sokoni na mtoto wako Nanjala mgongoni, na mama yako yuko nyuma ya nyumba akikuchumia mboga nyingi kuliko utakazoweza kuzibeba mpaka Molo. Nimejipa muda huu mpaka mrudi. Sauti yangu unajua ilivyobaki, mkwaruzo tu, kama kiti kinachovutwa sakafuni. Haya ninayotaka kukuambia hayafai kusemwa huku unainama na kuuliza, "Nini, Baba?" kila baada ya neno la tatu. Kwa hiyo naandika. Hati utanisamehe, mkono nao umechoka.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kuishi vizuri na majirani. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima. Wala sitakufundisha kuishi na mumeo. Ukimaliza barua hii utaona kwamba mimi si mtu wa kumfundisha mwingine jambo hilo.

Jana asubuhi niliingia chumbani kwenu kutafuta miwani yangu. Nilikukuta umesimama juu ya kiti, unakunja gazeti na kulisukuma katika matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Ulicheka uliponiona.

"Baba, nafanya mazoezi ya Molo," ulisema. "Huko wanasema baridi inakata kama wembe. Si wewe ulitufundisha?"

Nilitoka bila miwani.

Na Jumapili iliyopita, ulipodhani nimesinzia kwenye kiti changu pale nje, nilikusikia ukimwambia Mama Ciru, aliyekuja kukuoshea mtoto kama anavyokuja kila asubuhi, "Mama yangu mwenyewe hajamtia mtoto huyu maji hata mara moja. Ananiona mimi mgeni. Nikienda nimeenda." Mama Ciru akakujibu, "Wachana na yeye, wazee wako na mambo yao." Nami nilifumba macho kwa nguvu zaidi.

Nafula, mama yako hakuoni mgeni. Anaogopa mikono yake. Na aliyemfundisha kuiogopa ni mimi.

Unakumbuka siku ile ya likizo nilipokuchukua mjini, ukakaa kwenye benchi la nyuma mahakamani na sketi yako ya shule? Palikuwa na mtu wa kwetu aliyeshtakiwa kwa wizi wa kuku. Alikuwa akisema Kibukusu, nami nikisema Kiingereza mbele ya hakimu: mimi niliingia kwa jirani, mimi nilikamata kuku wawili, mimi nilikuwa na njaa. Tukiwa njiani kurudi, tulipofika Hurlingham, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, uliiba kuku?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kando ya barabara. Kisha nikakueleza kazi yangu. Nilikuambia kwamba mkalimani aliyeapa hasemi "anasema." Mtu akisema nimeiba, mkalimani naye husema nimeiba. Haongezi, hapunguzi, halainishi. Akianza kusema "huyu anasema hivi," ujue ameshasimama kando ya maneno, na mtu akisimama kando ya maneno anaweza kuyasukuma atakako. Ulinisikiliza kama unayesikiliza mahubiri. Nilijiona mtu safi sana siku ile, ingawa Simiyu alikuwa ameshazikwa zamani, na nilikuwa ninajua ninachojua.

Simiyu ndugu yako unamkumbuka kidogo tu, nadhani. Ulikuwa hujaanza shule. Tulikaa Kawangware, chumba kimoja cha mbao na mabati, wakati ambapo nchi ilikuwa na uhuru mpya na kila kijana wa kwetu alitaka kuionja Nairobi. Nami nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama, mtu wa tai. Ningewezaje kumfungia ndugu yangu mlango? Amu yako Wanyonyi alikuja kwa wiki moja akakaa miaka miwili. Alikuwa mtunza bustani Lavington. Nyuma yake walikuja wengine, wakilala sakafuni kichwa huku miguu kule, na mmoja wao alikuwa na kikohozi kisichokwisha. Wanyonyi alikuwa akisema, "Ndugu, hii chumba yako ni kama gunia ya mahindi. Ukitingisha kidogo, inaingia mwingine."

Tulikuwa tukitoka kazini pamoja kwa miguu, mimi nikitokea mjini, yeye akinisubiri kwenye kona ya bustani yake. Hata mwezi wa saba, Nairobi ikiwa imefunikwa na wingu kama sufuria, tulikuwa tukiona madirisha ya nyumba zile kubwa yamefunguliwa, mapazia yakipepea nje. Wanyonyi aliniambia kwamba kwa tajiri wake mtoto mchanga hulala dirisha likiwa wazi.

"Hawa watu hawana damu," nilimwambia.

"Wako na damu ya samaki," alisema, tukacheka, nikawasha sigara nyingine.

Nilikuwa navuta tangu asubuhi hadi usiku. Sigara ilikuwa sehemu ya tai. Nilivuta kitandani, nilivuta nikisoma gazeti, nilivuta nikiwa nimempakata Simiyu, nikimpulizia mawingu madogo juu ya kichwa ili acheke. Alikuwa akicheka. Nalikumbuka sana hilo.

Gazeti nikishalisoma nililikunja na kuziba matundu yote ya chumba kile, juu ya dirisha, chini ya mlango, pale mbao zilipoachana. Nilifanya kazi hiyo kwa mikono yangu, kwa upendo, nakuapia. Jioni jiko la makaa liliingizwa ndani na halikutoka tena mpaka asubuhi, na juu ya sanduku koroboi ilikuwa ikitoa moshi wake mweusi. Mama yako alikuwa akisema, "Baba Nafula, macho yananiwasha." Nami nilimjibu kwamba macho kuwasha ni afadhali kuliko mtoto kushikwa na baridi.

Baridi ndilo lilikuwa neno langu. Tulikuja kutoka Bungoma, tukaukuta mji huu mwezi wa saba, na kila mtu wa kwetu alikuwa na hofu hiyo hiyo. Mtoto akikohoa, ni baridi. Akiharisha, ni baridi. Neno hili lina ubaya mmoja ambao sikuuona wakati ule: lazima awepo aliyempeleka mtoto kwenye baridi. Na anayembeba mtoto ni mama yake.

Kuna jambo jingine la aibu katika hadithi hii, la maziwa. Mama yako alikuwa na maziwa mengi, kanga yake ilikuwa ikilowa. Lakini wake za makarani wenzangu walikuwa wakiwalisha watoto kwa chupa, na mimi nilitaka mkebe ule wa maziwa ya unga wenye picha ya mtoto mnene uonekane kwenye rafu yetu mgeni akiingia. Mama yako alibisha. "Mtoto hajakataa ziwa," alisema, "sasa ni wewe unakataa?" Nilimwambia asiniaibishe na mambo ya kijijini. Simiyu aliachishwa ziwa kabla hajaweza kukaa. Mwishoni mwa mwezi mkebe ulipokaribia kwisha, mama yako aliongeza maji.

Kisha ikaja ile Jumapili. Asubuhi kulikuwa na kijua chembamba. Mama yako alitoa karai nje, akachanganya maji ya moto, akamwosha Simiyu kwa ajili ya kanisa. Wewe ulikuwa ukishika sabuni. Nilikuwa mlangoni, nikamwambia, "Respa, unamwosha mtoto nje kwenye baridi hii?" Akasema, "Maji ni moto, na jua liko. Ndani ananuka moshi kama nyama ya kukausha." Nilimwambia, "Haya, utaona."

Ni neno dogo, utaona. Mtu akishalisema hutaka lionekane, hata kama hajui kwamba anataka.

Katikati ya wiki Simiyu alianza kukohoa. Kikohozi sikukijali, kila mtu chumbani alikuwa akikohoa. Mama yako ndiye aliyeona. Aliniamsha asubuhi akasema, "Baba Nafula, angalia tumbo lake. Anapumua kama aliyekimbizwa." Nikaangalia. Pumzi zilikuwa fupi, zikifuatana upesi, na kila akivuta moja nyama ya chini ya mbavu ilikuwa ikizama ndani. Niliona, Nafula. Lakini nilikuwa na kesi kubwa siku ile, nikasema nitarudi mapema tumpeleke. Sikurudi mapema. Wewe ukiona pumzi ya namna hiyo kwa Nanjala, usimngoje mtu, hata awe mumeo, hata awe na kesi gani. Kikohozi kina kelele nyingi, lakini tangu siku ile mimi naogopa pumzi.

Tulifika hospitalini jioni. Daktari alikuwa mgeni, kijana mwembamba, naye mwenyewe alikuwa na mafua. Hakujua Kiswahili. Mama yako hakujua Kiingereza. Nikasimama katikati yao, mahali ambapo nilikuwa nikisimama kila siku ya maisha yangu.

Alimsikiliza Simiyu kifua na mgongo kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuuliza. Mtoto analala wapi? Nani wengine wanalala humo? Mnapikia wapi? Dirisha linafunguka? Ananyonya? Mengine nilijibu mwenyewe bila kumfasiria mama yako. Alipouliza nani anavuta sigara sikujibu upesi, naye hakungoja. Alitazama vidole vyangu, hivi viwili unavyovijua vilivyokuwa na rangi ya chai.

Ndipo akaacha kuniangalia. Akamgeukia mama yako na kusema naye moja kwa moja, polepole, kana kwamba angeelewa. Alisema maneno mengi, na alikuwa mpole. Nilimwelewa vizuri. Hakusema baridi. Alisema moshi, na chumba kilichozibwa, na vikohozi vya watu wengi, na chupa. Mama yako alikuwa amemweleza kwa ishara za mikono habari ya karai, na daktari alimjibu hilo pia. Alipomaliza akaniambia, "Tafadhali mwambie yote, kama nilivyosema."

Mama yako akanitazama. "Anasema nini?"

Nikasema, "Daktari anasema ni baridi."

Ndivyo nilivyosema. Anasema. Mimi niliyekuwa nikiwasahihisha wakalimani vijana kwa neno hilo moja.

"Ya kuosha?" aliuliza. "Ile ya Jumapili?"

 Nilitikisa kichwa kukubali. Mama yako akaitazama mikono yake, kiganja kisha mgongo, kama mtu aliyeona doa asilojua limetoka wapi. Daktari aliona uso wake ukibadilika. Nadhani alifikiri ni faraja, kwa sababu alimgusa bega akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Simiyu hakuiona jioni ya pili.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Sikupanga. Njiani kwenda hospitalini nilikuwa nimeshamwambia mama yako, "Nilikuambia, hukusikia." Daktari alipokuwa akisema niliona wazi kwamba kila alichokitaja nilikiingiza mimi chumbani mle, kimoja kimoja, kwa mikono yangu na mshahara wangu. Kati ya kuwa mtu huyo na kusema uongo wa maneno manne, nilichagua uongo. Nilidhani nitausahihisha mtoto akipona. Hakupona, nao ukawa mgumu kuliko jiwe.

Tulimzika nyumbani. Nyanya yako, mama yangu, aliuliza mbele ya wanawake wote, "Mtoto wa Nairobi huoshwa nje, kwenye baridi? Kwani huko hakuna nyumba?"  Mama yako aligeuka akanitafuta kwa macho, na akaniona. Nilikuwa nainamia kiberiti, nawasha sigara.

Sasa sikiliza sehemu ambayo imenitafuna zaidi. Tuliporudi Kawangware nilifanya alivyosema daktari. Nilimwambia mama yako jiko litawashwa na kukaa nje kwa sababu moshi unachafua mashati yangu ya kazini. Niligombana na Wanyonyi kwa jambo la kijinga ili apate sababu ya kutafuta chumba chake na kuondoka na wale wengine. Sigara nikaanza kuvutia nje, nikisema chumba kinanuka. Mkebe wa maziwa niliutupa chooni. Wewe ulikua, kifua chako kikawa kizima, na watu walimsifu baba yako kwa kujua kutunza. Niliyatumia maneno ya daktari kukulinda wewe, nikamnyima mama yako maneno yale yale.

Magazeti tu sikuyatoa. Yale kila mtu aliyajua kuwa ni kazi yangu, na kuyatoa kungekuwa kukiri. Yalibaki ukutani mpaka yakawa ya manjano, na tulipohamia hapa niliziba tena, ukanishikia kiti huku ukiniuliza kwa nini. Nikakujibu, baridi. Ndiyo sababu jana ulikuwa juu ya kiti.

Mungu hakutupa mtoto mwingine. Mama yako hajamwosha mtoto yeyote tangu siku ile. Hukujua kwamba uliogeshwa na jirani mpaka ulipoweza kujiosha? Wanawake wa kanisa wakimpa mtoto ampakate, yeye humfunika kwanza kwa sweta yake, kisha humrudisha upesi. Alipoletwa Nanjala kutoka hospitalini, ulimnyoshea umwone akimtia majini kama mama wengine wanavyowaoshea mabinti zao mtoto wa kwanza. Akasema, "Mtafutie mwingine. Mikono yangu si ya kuosha." Wewe ulisikia amekukataa. Mimi niliyekuwa nimeketi hapo hapo nilisikia sauti yangu mwenyewe.

Nilijaribu kumwambia. Mara ya mwisho ilikuwa kabla koo hili halijafunga. Nilisema, "Mama Nafula, kuna neno la zamani." Akasema, "Ya zamani yamekwisha, kunywa chai." Nikanywa chai. Nilishukuru, ndivyo nilivyo mwoga.

Sasa nakuomba jambo moja, na sikuombi kwa haki ya baba. Jioni hii, mkishakula, msomee mama yako barua hii. Kiswahili anakijua cha sokoni tu, kwa hiyo mfasirie kwa Kibukusu. Usilainishe. Ukifika mahali pa kiberiti usiruke. Na usiseme "Baba anasema." Soma kama nilivyokufundisha siku ile ya kuku, sema "mimi." Mimi niliziba, mimi nilinyamaza. Nitakuwa nimeketi pale mlangoni, sitatoka nje. Akitaka kusema nami, nitasikia. Akitaka kutosema nami tena, nina siku chache tu za kumsumbua.

Kesho asubuhi gari likiwa bado, usimwombe amwoshe mtoto. Weka tu karai na maji ya moto mahali anapoweza kuyaona, kisha ujishughulishe na mizigo yako.

Mimi baba yako, niliyekuwa mkalimani.

Haya sasa ni maneno ya daktari. Yamwambie mwisho, yakiwa peke yake. Nimeyashika moyoni yote, kwa mpango wake. Ni yake mama yako, yamechelewa.

"Mama, mtoto wako ana homa ya mapafu, na ni kali. Nitajitahidi, lakini siwezi kukuahidi. Mimi sidhani ugonjwa huu umeletwa na baridi. Chumba chenu kimejaa moshi wa makaa na wa sigara, na moshi hauna pa kutokea. Watu wanaokohoa wanalala karibu naye. Amenyimwa ziwa mapema, kwa hiyo mwili wake haukuwa na nguvu za kupigana. Ukienda nyumbani fungua dirisha, hata kukiwa na baridi, umfunike tu vizuri. Nimeelewa unachoniuliza kwa mikono yako. Unaniuliza kama ni yale maji. Hapana. Ulimwosha kwa maji ya moto, juani, akawa safi. Hilo halikumdhuru. Mama, si wewe."